Pima Boksi Kabla ya Kuuliza Bei: Mhadhara kuhusu Ndege na Meli

Ndugu wafanyabiashara, mawakala wenzangu, na ninyi vijana mnaosomea usafirishaji, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti amenipa mada ya kuchagua kati ya ndege na meli, na wanaonifahamu wanajua tayari nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye boksi. Huenda nikakaa hapo kupita muda niliopewa, kwa sababu hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Simu ninazopokea zinafanana. "Kwa ndege kilo bei gani? Na kwa meli?" Mtu hajasema mzigo ni nini, hajasema unatoka wapi, lakini anataka bei ya kilo. Nami namrudishia swali: boksi lako lina urefu gani, upana gani, kimo gani? Kimya. Halafu anasema, "Hayo utayaona mwenyewe mbele ya safari, wewe nipe bei ya kilo tu." Ndugu zangu, bei ya kilo bila vipimo vya boksi ni nusu ya bei. Nusu iliyobaki utaikuta kwenye ankara, mzigo umeshafika, na huna tena la kubadilisha.

Niwape kisa cha mama mmoja, mfanyabiashara makini kuliko wengi niliofanya nao kazi. Anauza helmeti za pikipiki. Msimu wa mauzo ulikuwa umekaribia, kiwanda kilikuwa kimechelewa, akaamua kuleta kwa ndege. Aliagiza helmeti 300, katoni 50, kila katoni helmeti sita. Katoni moja ilikuwa na kilo 9. Akapiga hesabu yake: 9 mara 50, kilo 450. Akazidisha kwa bei ya kilo aliyopewa, akaona faida bado ipo, akasema twende.

Ankara ilipokuja ilikuwa zaidi ya mara tatu ya hesabu yake. Alinijia nayo mkononi akiwa na hakika kwamba ameibiwa. Nikamwambia tusianze na lawama, tuanze na katoni. Kwenye orodha ya upakiaji katoni iliandikwa sentimita 80 kwa 70 kwa 30. Zidisha: unapata sentimita za ujazo 168,000. Mashirika ya ndege yanahesabu kila sentimita za ujazo 6,000 kuwa kilo moja. Gawanya: kilo 28. Mizani inasema 9, hesabu ya nafasi inasema 28, na shirika la ndege linatoza ile iliyo kubwa. Katoni 50 ni kilo 1,400. Mama wa watu alipanga kulipia 450.

Lakini ankara haikusema 1,400. Ilisema karibu 1,500. Hapo ndipo aliponiambia, "Unaona? Hata kwa hesabu yako wameongeza." Tukaenda ghalani kwake, tukatoa katoni ambayo haijafunguliwa, tukaipima kwa tepu. Urefu 80, sawa. Upana 70, sawa. Kimo, pembeni kwenye kona, 30. Katikati, kwenye tumbo la katoni, 32. Helmeti zilikuwa zimesukuma kifuniko kikatuna. Na kanuni ya kupima ni kwamba boksi linapimwa pale lilipozidi, hata kama kilichozidi ni tumbo tu. Karani wa ghala la mizigo haangalii kiwanda kimeandika nini, anaangalia tepu yake inasema nini. Sentimita mbili za kutuna, kwenye katoni 50, zimeongeza zaidi ya kilo 90 za kutozwa. Hakuna helmeti hata moja iliyoongezeka.

Aliuliza swali ambalo naamini wengi wenu mnalo sasa hivi: kwa nini nilipie hewa? Kwa sababu tumbo la ndege hujaa mapema kuliko linavyoelemewa. Mtu akipanda basi na godoro la sponji, godoro halina uzito, lakini limekalia viti vinne vya watu ambao wangelipa nauli. Ndege nayo inauza vitu viwili, uwezo wa kubeba na nafasi, na wewe unalipia kile unachokimaliza zaidi. Hiyo ni haki. Kisicho haki ni wakala kukutajia bei ya kilo, akijua unaleta helmeti, halafu akanyamaza kuhusu ujazo. Huyo hajakudanganya kwa neno lolote, na bado amekuumiza. Vijana mnaoingia kwenye kazi hii, msiwe mawakala wa namna hiyo.

Sasa chukueni upande wa pili. Kuna fundi wa mashine ninayemhudumia, analeta beringi. Katoni yake ni ndogo, 30 kwa 30 kwa 20. Ujazo wake ni sentimita 18,000, ukigawanya kwa 6,000 unapata kilo 3. Mizani inasema 22. Huyu analipia 22, uzito halisi, na hakuna hata gramu ya hewa aliyolipia. Katoni zake kumi ni kilo 220, na zote kwa pamoja hazifiki hata robo ya mita moja ya ujazo.

Fundi huyu aliambiwa na kila mtu apeleke kwa meli, "chuma ni kizito, chuma ni cha meli." Angalia kilichotokea tulipokaa kupiga hesabu. Meli, kwa mzigo wa kuchangia kontena, inatoza kwa mita ya ujazo au kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Yeye ana mita 0.18 na tani 0.22. Lakini kiwango cha chini kabisa kwa kawaida ni mita moja ya ujazo, kwa hiyo analipia karibu mara tano ya alicho nacho. Halafu zinakuja tozo za huku mzigo unakoshukia: hati, kufungua kontena, ghala, kuachia mzigo. Nyingi kati ya hizo hazijali kama umeleta katoni kumi au mia moja. Kwake tofauti ya meli na ndege ikawa ndogo mno, na ndege ikashinda kwa sababu mashine za wateja wake zilikuwa zimesimama zikisubiri beringi hizo.

Mnaona? Helmeti, ambazo ni nyepesi, ni za meli. Beringi, ambazo ni chuma, zimepanda ndege. Ukienda kwa mazoea ya "kizito meli, chepesi ndege" utakosea zote mbili. Cha kukariri ni hiki. Kwenye ndege, mita moja ya ujazo inahesabiwa angalau kilo 167. Kwenye meli, mita hiyo hiyo inahesabiwa sawa na tani nzima. Mzigo mwepesi wenye nafasi kubwa unaadhibiwa angani, na baharini unalipia nafasi yake tu. Mzigo mdogo ulioshiba unapendelewa angani, na baharini unamezwa na viwango vya chini na tozo zisizobadilika.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mimi natumia wale wanaokusanya mizigo ya watu wengi, wao wananitoza kilo halisi, hawapimi chochote." Ndugu yangu, wanapima. Hawapimi mbele yako tu. Hebu tupige hesabu ya mkusanyaji. Achukue katoni kumi za beringi na katoni kumi za helmeti, kila mzigo wa mtu wake. Mwenye beringi anatozwa kilo 220, uzito halisi. Mwenye helmeti anatozwa kilo 280, uzito wa ujazo. Jumla anakusanya malipo ya kilo 500. Sasa anaziweka pamoja, anazipeleka kwa shirika la ndege kama mzigo mmoja. Uzito halisi: 220 na 90, ni 310. Uzito wa ujazo: 30 na 280, ni 310. Shirika linamtoza kilo 310. Kilo 190 zimebaki kwake. Simlaumu, hiyo ndiyo kazi yake, ana ghala, ana watu, anabeba hatari. Lakini wewe mwenye beringi ujue kwamba mzigo wako ni dhahabu kwa mtu huyo, ndio unaombebea helmeti. Una nguvu ya kuomba bei nafuu, na karibu hakuna anayeitumia.

Na wale wa vifurushi vya haraka, wanaokuletea hadi mlangoni, wengi hawagawanyi kwa 6,000. Wanagawanya kwa 5,000. Katoni ile ya helmeti kwao si kilo 28, ni 33.6. Kwa hiyo usilinganishe bei ya kilo ya huyu na ya yule kabla ya kuuliza: mnagawanya kwa ngapi?

Mtu mwingine ataniambia, kiwanda ndicho kinachofunga boksi, mimi nifanye nini? Unaweza kufanya mengi, ila kabla ya kulipa. Kabla ya kulipa kiwanda kinakusikiliza, baada ya hapo hakina haraka tena. Waambie wakuandikie vipimo vya katoni vilivyopimwa baada ya kujazwa na kufungwa. Ndoo, vikapu na viti vya plastiki vipachikwe kimoja ndani ya kingine. Nguo na mito vifyonzwe hewa. Uliza kama kila kipande kina boksi lake la kupendeza ndani ya katoni kubwa, na kama unalihitaji. Uliza pia kama mzigo utawekwa juu ya paleti, kwa sababu paleti ya mbao ina kimo chake na upana wake, na vyote vinahesabiwa kuwa mzigo wako. Na kama ni mbao, iwe na alama ya ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, kwamba imetibiwa, kwa mfano kwa kupashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi kiini cha ubao, la sivyo nchi nyingi zinaweza kukuzuilia mzigo kwa sababu ya wadudu.

Haya, tuje kwenye meli, na hapa nina jambo moja linaloniudhi kweli kweli. Muuzaji anakwambia, "Usiwe na wasiwasi, nitakuletea hadi bandari yako, gharama ya meli juu yangu." Kwenye mkataba anaandika CIF, yaani bei yake inajumuisha bidhaa, bima na meli hadi bandari yako. Wewe unafurahi. Nakuomba ujiulize: nani amemchagua wakala wa meli? Muuzaji. Nani atakayemlipa wakala wa upande wako? Wewe. Kwenye mizigo ya kuchangia kontena kuna mtindo unaojulikana wa kumpa muuzaji bei ya chini kabisa, wakati mwingine karibu na bure, halafu ile bei iliyopunguzwa kule inarudishwa kwako huku kwa majina mbalimbali: tozo ya kushughulikia, tozo ya hati, tozo ya kugawa mzigo, tozo ya kuachia. Mzigo wako umeshikiliwa ghalani kwao, kila siku ya kubishana ina tozo yake. Utalipa. Nimewaona watu wazima wakilipa huku machozi yanawalenga.

Dawa yake ni mbili. Ama unaomba orodha ya tozo zote za upande wako kwa maandishi kabla ya kuagiza, ama unanunua kwa masharti ambayo wewe ndiye unayechagua wakala, yaani FCA, muuzaji anapomkabidhi mzigo msafirishaji uliyemchagua, au FOB, anapoupakia kwenye meli uliyoichagua. Kwa makontena, Incoterms za 2020, yaani kanuni za kimataifa zinazofafanua masharti haya, zinapendekeza FCA, kwa kuwa mzigo wako unakabidhiwa kwenye yadi kabla haujagusa meli. Na tafadhali, FOB na CIF ni maneno ya baharini na njia za maji. Naona mikataba ya ndege imeandikwa CIF, pande zote zimesaini, na mzozo ukitokea kila mmoja anaisoma anavyotaka.

Mkizidi kukua, msing'ang'anie kuchangia kontena. Kontena la futi 20 lina karibu mita 33 za ujazo ndani, na kwa mabo­ksi ya kawaida unapanga kama 28. Ukifika mita 13 hadi 15, omba bei ya kontena zima, mara nyingi zinakaribiana, na unaondokana na kungoja mizigo ya wenzako. Hilo la wenzako nitalirudia sasa hivi kwenye muda. Ila kama unaleta vigae au vyuma, kontena litafika kikomo cha uzito wakati nusu yake bado ni tupu, kwa hiyo hesabu ya mita haitakusaidia.

Muda. Hapa watu wananipigia methali. Mpenzi wa meli ananiambia haraka haraka haina baraka, mpenzi wa ndege ananijibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote nazipenda, lakini hakuna hata moja inayokwambia mzigo utafika lini.

Ratiba ikisema meli inatumia siku 25, hizo ni siku za bandari hadi bandari. Mzigo wako unatoka kiwandani, unakaa ghala la kukusanyia hadi kontena lijae, kontena linafungwa siku kadhaa kabla ya meli kung'oa nanga. Mara nyingi meli haiji moja kwa moja. Kontena linashushwa Singapore, Colombo, Salalah au Jebel Ali, linangoja meli ya pili, na hiyo ya pili ikiwa imejaa linangoja ya tatu. Likifika, linashushwa, linapelekwa ghala la kufungulia, na hapo ndipo wenzako wanapoingia: mmoja tu akiwa na hati yenye kasoro, au forodha wakitaka kukagua mzigo wake, mnaweza kungoja wote. Siku 25 zimekuwa 45, na hakuna aliyekudanganya.

Ndege nayo ina udanganyifu wake. Safari ni ya muda wa saa kumi, kwa hiyo mtu anategemea mzigo kesho. Kuna kukaguliwa kwa usalama, kungoja nafasi, kubadilisha ndege kwenye kiwanja cha katikati, forodha. Jipangie wiki nzima, ukipata kabla yake shukuru. Na sikilizeni hili vizuri: ndege haiharakishi karatasi. Kama kibali chako hakijatoka, au ankara ya kiwanda ina jina lililokosewa, ndege imekufikishia mzigo mapema kwenye ghala la uwanja, ambalo linatoza kwa kilo na kwa siku. Umelipia mbio ili ukalipie kungoja. Nimeona mzigo wa ndege ukikaa uwanjani muda ambao meli ingekuwa imeshafika. Kwa hiyo kabla ya kulipia ndege, hakikisha karatasi zote zimekamilika. Kama hazijakamilika, bado hujui kama unahitaji ndege.

Halafu kuna yale yasiyo mikononi mwa mtu yeyote. Tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama ikaziba Mfereji wa Suez hadi tarehe 29. Mwishoni mwa 2023 mashambulizi kwenye Bahari ya Shamu yakafanya kampuni kubwa za meli ziache Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari kati ya Asia na Ulaya zikaongezeka siku kumi au zaidi. Msifikiri anga ni kimbilio. Karibu nusu ya mizigo ya ndege duniani ilikuwa ikisafiri kwenye matumbo ya ndege za abiria. 2020 abiria walipokosekana na ndege hizo zikaegeshwa, nafasi ya mizigo ikatoweka nazo, na bei za anga zikapaa kwa namna ambayo wengi hatujaiona tena. Na kila mwaka, kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, viwanda vinakaribia kufungwa na kila mtu anataka mzigo wake utoke, angani na baharini. Hilo halikuja ghafla, liko kwenye kalenda, lakini kila mwaka watu wanashtuka.

Sasa pesa iliyolala. Hii nilitaka kuieleza kwa kirefu, lakini naona saa inakwenda, nitaikaza. Chukua thamani ya mzigo wako kuwa 100. Ndege ikikuzidishia gharama kwa 20 kuliko meli, na meli ikakuchelewesha siku 40, uliza: pesa yangu kulala siku 40 inanigharimu ngapi? Tuseme umekopa kwa asilimia 2 kwa mwezi, hizo siku 40 zinakula chini ya 3. Utoe 20 ili kuokoa 3? Panda meli. Lakini kama ni simu au vipuri vya elektroniki, vyenye thamani kubwa kwenye kilo chache, ndege itakuzidishia 2 tu, na katika siku 40 bei ya sokoni inaweza kushuka zaidi ya hapo. Panda ndege. Ndiyo maana mizigo ya ndege haifiki hata asilimia 1 ya biashara ya dunia kwa wingi, lakini kwa thamani inakaribia theluthi moja au zaidi, wakati meli zinabeba zaidi ya asilimia 80 ya wingi wote. Kipuri cha kiwanda kilichosimama hakina mjadala, hesabu hasara ya siku moja ya kusimama, utajua.

Na ushuru. Nchi nyingi zinatoza ushuru wa forodha juu ya thamani ya bidhaa pamoja na bima na usafiri. Maana yake gharama ya ndege nayo inaweza kutozwa ushuru, na kodi nyingine zikapanda juu yake, kwa hiyo ulizia nchi yako inavyohesabu. Ukilinganisha ndege na meli bila kuweka hilo, hujalinganisha.

Wengi wanadhani lazima wachague moja. Gawanya mzigo! Yule mama wa helmeti, agizo lililofuata alileta katoni chache kwa ndege kwa wateja waliokuwa wanangoja, na zilizobaki zikaja kwa meli. Kuna pia njia ya meli na ndege kwa pamoja, mzigo unapanda meli kutoka Asia hadi Dubai, unapanda ndege hapo kuelekea Ulaya au Afrika, na bei inakuwa katikati. Kati ya China na Ulaya kuna treni. Mwenye kujali mazingira, na tunapaswa kujali, ajue kwamba tani moja ikienda kilomita moja kwa ndege inatoa hewa ya ukaa mara kadhaa wa kadhaa kuliko kwa meli. Hilo nalo liwekwe mezani.

Mwenyekiti ananionyesha dakika tano. Niyapitie yaliyobaki mbio mbio. Kaka hapa mbele nimeuona mkono wako kuhusu betri, nakuja.

Betri za lithiamu-ioni, zile za kuchajiwa, zinazosafiri peke yake, bila kifaa, haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016. Zinapanda ndege za mizigo tu, na chaji isizidi asilimia 30. Kwenye meli zinakubalika, lakini nazo ni mzigo wa hatari, zinatangazwa, zinafungashwa kwa kanuni zake. Usizifiche ndani ya mzigo mwingine. Moto wa betri hauzimiki kirahisi, na kwenye ndege kuna watu. Manukato na makopo ya kupuliza pia yana masharti, uliza kabla.

Unyevu: kontena linapita joto na baridi, mvuke unageuka matone ya maji kwenye paa na kudondoka juu ya mzigo. Weka vifyonza unyevu, hasa kwa nguo, ngozi na karatasi.

Hati: hati ya shehena ya meli, ile ya asili, kwa kawaida ndiyo umiliki wa mzigo, na aliyeishika ndiye anayekabidhiwa. Hati ya ndege si umiliki, mzigo anapewa aliyetajwa humo. Kwa hiyo ukiuza kwa mtu usiyemjua na bado hajalipa, ndege inampa mzigo kabla hujapata pesa, isipokuwa umeiandika benki kuwa mpokeaji, kwa kibali cha benki yenyewe.

Bima, nayo ndiyo ya mwisho. Mzigo ukipotea angani, Mkataba wa Montreal unaweka kikomo cha fidia, tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo; SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Sanduku la simu lenye kilo 10 ni SDR 260, basi. Baharini, kwa Kanuni za Hague-Visby zinazofuatwa na nchi nyingi, ni SDR 666.67 kwa kifurushi au 2 kwa kilo, chochote kilicho kikubwa. Kwa hiyo kusema "kampuni ya usafirishaji itanilipa" si bima. Na baharini kuna zaidi. Ever Given ilipokwamuliwa, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja: gharama za kuiokoa meli zinagawanywa kwa wote wenye mali ndani yake, hata ambao mizigo yao haikuguswa. Meli ilizuiliwa Misri hadi Julai 7, na wenye mizigo walitakiwa kutoa dhamana ndipo wakabidhiwe. Aliyekuwa na bima, kampuni yake ya bima ilisimamia dhamana hiyo. Asiye na bima alitakiwa kuitafuta mwenyewe, kwa mzigo uliokuwa umeshachelewa miezi. Mnapokata bima ulizeni kwa maneno haya haya: mnalipa mchango wa hasara ya pamoja? Jibu liwe kwenye maandishi.

Maswali. Kaka wa betri, anza wewe, na ukitaja mzigo tutajie na vipimo vyake.